Leseni ya "maisha" ilivyogeuka kuwa ya kila mwezi, na mimi wakala nikaitwa tapeli Newala nzima

Wakuu, salamu kwenu nyote. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila juzi nimeona mwenzetu analalamika kwamba programu ya duka aliyoinunua moja kwa moja sasa inamdai kila mwezi. Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu kuliko uzi wake, nikaona bora nifungue wangu.

Ninachoandika kimenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Majina ya watu nimebadilisha, na kampuni sitaitaja kwa sababu mwisho wa siku tumeelewana. Msinifuate PM kuniuliza.

Twende.

Nina kiduka Masasi mjini. Photocopy, lamination, kusafisha kompyuta zilizojaa vumbi, kurudisha Windows. Watu wananiita Mama Nasra, kwa jina la binti yangu.

Miaka michache nyuma kampuni moja ya Dar ilitafuta mawakala mikoani wa kuuza mfumo wao wa maduka. Ukiuingiza kwenye kompyuta unakuonyesha stoo ina nini, kimeuzwa nini, dawa gani inakaribia kuexpire, na unatoa risiti. Haukuhitaji internet, na huku kwetu hiyo ndiyo iliyoniuzia.

Kitu cha pili kilichoniuzia ni leseni. Kampuni waliita "leseni ya maisha". Unalipa mara moja, mfumo ni wako. Imeandikwa kwenye vipeperushi vyao, imeandikwa hata kwenye cheti ambacho mteja anapewa.

Basi nikauza. Masasi, Newala, Kitangari, mpaka Lukuledi. Sikuuza kwa mamia, tusidanganyane, lakini kamisheni ilikuwa inamsomesha Nasra. Na kila niliyemuuzia nilikuwa namjua kwa sura, namjua na nyumbani kwake.

Hapo ndipo penye uzito wa hii story. Mtu wa Dar anauza kwa mtu asiyemjua. Mimi nawauzia watu ninaokutana nao msibani.

Sasa ikafika msimu wa korosho. Kwa wasiojua huku, wakulima wakishalipwa pesa za mnada ndipo kila kitu kinanunuliwa. Bati, saruji, pikipiki, vitanda, sare za shule. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mauzo yake makubwa ya mwaka yapo kwenye hizo wiki chache.

Katikati ya msimu huo, asubuhi moja kila kompyuta iliyowahi kuunganishwa na internet ikatoa ujumbe:

"Toleo jipya limefika. Bonyeza hapa kuboresha."

Chini yake, kwa maandishi madogo, wakaeleza kwamba leseni zote za zamani zinakoma mwisho wa mwezi, na kuanzia hapo utalipa kila mwezi. Ukijumlisha malipo ya mwaka, yanaikaribia ile bei ambayo mteja alinunulia mfumo mzima.

Mimi wakala wao sikuambiwa lolote. Niliuona ujumbe siku hiyo kama mteja mwingine yeyote.

Simu ya kwanza ilitoka Newala. Mama Zuhura, ana duka la dawa pale. Mtu mzima, mpole, huwa haongei sana.

"Mama Nasra, hujambo? Kuna kitu kimetokea kwenye kioo hapa. Kinataka nikibonyeze. Nibonyeze?"

Nikamwambia subiri kwanza niulizie.

"Nilijua. Mimi nisichokielewa sikigusi," akasema, akakata.

Simu ya pili ilikuwa ya Baba Upendo, na huyu alikuwa ameshabonyeza.

Baba Upendo ana duka la vifaa vya ujenzi Newala, mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa, akikasirika mtaa mzima unajua. Ujumbe umesema boresha, akaboresha. Mfumo ukajizima, ukajiwasha na rangi mpya nzuri, halafu ukaleta ukurasa mmoja tu wa kudai malipo. Hakuna kwenda mbele, hakuna kurudi nyuma. Stoo yake yote imebaki huko ndani.

Na nje watu wamesimama wanataka bati.

"Mama Nasra, uliniambia huu mfumo ni wangu!"

"Ni wako, Baba Upendo. Ngoja niwapigie..."

"Kama ni wangu, nani amenifungia?"

Nikampigia yule meneja mauzo wa Dar ninayefanya naye kazi. Hakupokea. Nikaandika, akajibu kwa kifupi kwamba ni mwongozo mpya wa kampuni na nitatumiwa maelezo.

Jioni ile Baba Upendo akarusha voice note kwenye group la WhatsApp la wafanyabiashara wa Newala. Nilitumiwa na watu tofauti, kila mmoja akijifanya ananionea huruma. Anasema wenzangu kuweni makini na yule mama wa Masasi, anakuja na maneno matamu, anakuuzia kitu halafu anakifungia kwa mbali ili ulipe tena. Tapeli.

Wakuu, mimi nimetukanwa kwenye maisha, lakini hili neno lilinikaa kifuani.

Baba Nasra, mume wangu, alilikuta kwenye kijiwe cha kahawa kabla sijamwambia. Akarudi nyumbani, akavua kofia, akakaa.

"Mama Nasra, umewauzia nini watu wa Newala?"

Nikamweleza kuanzia mwanzo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi nenda kawaambie hivyo hivyo kwa mdomo wako. Usijibu kwenye simu."

(Samahanini nilitoka kidogo, kuna mwanafunzi alileta cheti cha kufanyiwa lamination. Naendelea.)

Kabla ya kwenda nikafanya jambo moja ambalo mpaka leo nalishukuru. Niliwapigia wote ambao hawajabonyeza: usiguse huo ujumbe, chomoa internet kwenye hiyo kompyuta, nakuja kuchukua backup. Wengi walinikubalia, japo kwa sauti za baridi.

Wa Masasi mjini niliwamaliza kwa miguu. Halafu nikaenda Lukuledi kwa Mzee Namkuva, anauza pembejeo, salfa na mabomba ya kupulizia mikorosho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae."

Nikaangalia kompyuta. Ameifunika kanga, juu yake ameweka kopo la sukari.

"Mzee, nimekuja kukuhifadhia kumbukumbu zako ili..."

"Mama Nasra, wewe nyumbani kwangu utakuja siku zote. Mke wangu akisikia umepita hujala atanigombeza. Lakini hicho kitu usikifunue. Nimesharudi kwenye daftari langu. Daftari haliniamshi asubuhi na masharti mapya."

Nilimbembeleza, akacheka, akanijazia ming'oko, vile viazi pori vya huku, kwenye mfuko nikale njiani. Ndiyo ikawa basi. Huyo nilimpoteza, na nisiwadanganye, hajarudi mpaka leo.

Siku iliyofuata nikapanda Newala. Wanaoijua ile njia wanajua ukishafika juu hewa inabadilika, baridi inakupiga, hata uwe na joto la hasira linapoa. Langu halikupoa. Lilikuwa joto la woga.

Nikaenda moja kwa moja dukani kwa Baba Upendo, kwa sababu ningeanzia kwingine ningeonekana namkwepa. Alikuwa anaandikia wateja risiti kwa mkono huku kijana wake wa stoo akikimbia kila dakika kuhesabu mabati yaliyobaki. Aliponiona akaacha kuandika.

"Umekuja."

"Nimekuja, Baba Upendo. Habari za hapa."

"Unaziona mwenyewe."

Hakunipa kiti. Aliyenipa kiti ni Mama Zuhura, aliyefika baadaye kidogo baada ya kusikia nimeonekana stendi. Wakaja na wengine, mwenye supermarket, mwenye spea za pikipiki, na dada mmoja wa Kitangari, Mama Brayani, mwenye maduka mawili ya vyakula. Sikuitisha kikao, lakini kikawa kikao, tukiwa tumekaa kwenye mifuko ya saruji.

Nikawaambia ukweli. Kwamba sikujua. Kwamba sina uwezo wa kumfungia mtu mfumo hata kama ningetaka. Na kwamba kampuni wakishikilia msimamo huu mpaka mwisho wa mwezi, mimi uwakala naacha, na nitamsaidia kila mmoja kuhamia kwingine bila kumtoza.

Mwenye spea akaguna. "Maneno hayo."

"Ni maneno kweli," nikamjibu, "ndiyo maana nataka tuwapigie sasa hivi mkisikia wote."

Nikapiga, nikaweka spika. Nilitegemea meneja asipokee kama siku ile, lakini akapokea. Nikamwambia nipo Newala na wateja, wote wanamsikia. Akaanza kwa heshima tu.

"Wateja wetu wapendwa, poleni. Ila naomba mtuelewe. Watengenezaji wa mfumo wanahitaji kulipwa kila mwezi, siyo mara moja. Hata makampuni makubwa ya nje siku hizi ndiyo utaratibu wao."

Wakuu, nitakuwa muungwana, hapo alikuwa na hoja. Programu ina watu wanaoirekebisha kila siku na watu hao wanakula. Nilikuwa nalijua hilo na hata sasa nalikubali.

Baba Upendo akasogelea simu.

"Kijana, unanisikia?"

"Nakusikia mzee."

"Mimi nauza bati. Nikishamuuzia mtu bati, akaezeka, analala chini yake. Siwezi kwenda mwaka wa tatu kumwambia bei zimepanda, toa vitu vyako nje mpaka unilipe tena. Nikileta bati bora zaidi, nitamwonyesha. Akilipenda atanunua. Asipolipenda, lile la kwanza si bado lake?"

Mama Brayani naye akaingilia. "Mimi hilo jipya nalitaka, nasikia naweza kuona maduka yote mawili kwenye simu. Ningelipa hata leo. Lakini mmenijia kama mnakamata mtu. Kwa nini hamkuuliza?"

Ndipo meneja akasema, na sauti yake sasa haikuwa ile ya kusoma, "Nawasikia. Mimi siyo mwamuzi, lakini nitalifikisha kama mlivyolisema."

Simu ikakatwa. Mwenye spea akacheka kwa uchungu. "Litafikishwa. Hayo ndiyo majibu ya kila mtu."

Lakini nikagundua Baba Upendo ameniangalia tofauti. Hakuomba radhi, hapana. Alimwita tu binti wa mama ntilie pale jirani akasema, "Mletee mgeni chai."

Nikanywa ile chai kama dawa.

Nikazunguka kuchukua backup za wote ambao hawajabonyeza, nikalala kwa shangazi yangu pale kijijini Mkunya, kesho yake nikamalizia Kitangari. Nyumbani nikaandika kwenye group la mawakala wa kampuni, nchi nzima tupo humo. Nilidhani yamenikuta peke yangu. Kumbe! Kuna wakala wa nyanda za juu wateja walimrudishia kompyuta dukani kwake wakaziacha. Mwingine alikuwa amezima simu kwa aibu. Kila mtu alikuwa amejifungia na fedheha yake.

Tukakubaliana kila wakala apige simu na wateja wake wakiwa kwenye spika, kama tulivyofanya Newala. Hatukutukana mtu. Tuliwaacha wateja waongee.

Halafu tukasubiri. Mwisho wa mwezi unakuja, mimi usiku naona mchana haufiki, mchana naona jioni haifiki. Kamisheni imekatika, wateja wa photocopy tu ndio wanaoniweka mjini. Nilishaanza kuuliza uliza mifumo mingine.

Ujumbe ulikuja nikiwa natoa nakala za mtihani wa shule moja ya msingi. Nikausoma nimesimama. Nikausoma tena. Mwalimu akaniuliza, "Mama Nasra, kuna msiba?"

"Hakuna mwalimu. Hakuna msiba kabisa."

Nikakaa kwenye katoni ya karatasi nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kampuni walisema wamesikiliza. Kila mwenye leseni ya maisha anabaki na toleo alilonunua, kwa maisha, kama cheti kilivyosema. Anayetaka jipya atachagua: alipe kwa mwezi, au anunue moja kwa moja kwa bei ya punguzo kwa sababu ni mteja wa zamani. Na waliobonyeza bila kujua watarudishiwa la zamani bure.

Waliobonyeza. Yaani Baba Upendo.

Nikampigia hapo hapo. Akasikiliza, akasema neno moja tu, "Njoo."

Sasa kwa mafundi wenzangu humu mnajua kwamba kurudisha toleo la zamani siyo kufuta na kuweka. Data zake zilikuwa zimeshageuzwa na toleo jipya, la zamani haliwezi kuzisoma. Na backup yake niliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani sana, kabla ya msimu. Tukiikosa ile data, mzigo wote aliopokea kwa ajili ya msimu haupo kwenye kumbukumbu, anaanza upya.

Nilifika asubuhi. Safari hii nikapewa kiti. Nikaweka toleo la zamani, nikajaribu kufungua data. Ikakataa. Nikajaribu tena. Ikakataa. Baba Upendo amesimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua.

"Inakataa?"

"Inakataa. Bado sijamaliza."

Nikapiga simu kitengo cha ufundi, akapokea dada mmoja mtulivu mno. Akaomba aingie kwenye kompyuta kwa mbali. Internet ya Newala nayo siku hiyo ikawa inakuja na kuondoka, tukatumia simu ya Baba Upendo, tumeiweka juu ya boksi la misumari karibu na dirisha ili inase vizuri. Mshale unatembea wenyewe kwenye kioo, wateja wameacha kununua wanaangalia.

Mshale ukasimama. Muda mrefu.

"Dada, upo?" nikauliza.

"Nipo dada yangu. Inageuza. Msiguse kitu."

Hakuna aliyegusa kitu. Nadhani hakuna hata aliyekohoa.

Halafu ukurasa wa zamani ukafunguka, ule wa rangi mbaya ya kijani tuliouzoea. Baba Upendo akaninyang'anya mouse, akaingia stoo. Bati geji thelathini zipo. Nondo zipo. Saruji ipo. Kila alichopokea mpaka asubuhi ile aliyobonyeza kipo. Alichouza kwa mkono baada ya hapo, kijana wake atakiingiza taratibu.

Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri misumari akauliza, "Mashine yenu imepona?"

"Imepona, mzee," Baba Upendo akamjibu. Sauti yake kubwa ile siku hiyo ilikuwa ndogo.

Akachukua simu yake, akashikilia kitufe cha kurekodi mbele yangu na mbele ya wateja:

"Wafanyabiashara wenzangu, ni mimi Baba Upendo. Yule mama wa Masasi niliyesema ni tapeli yupo hapa dukani kwangu, amenirudishia kila kitu. Nilikosea. Nilimpiga aliyekuwa karibu kwa sababu wa mbali sikumfikia. Aliyesikia lile la kwanza asikie na hili."

Akatuma. Nikajifanya nakunja waya wa charger.

Kabla ya kushuka Masasi nikapita kwa Mama Zuhura kumwambia kwamba yeye hana la kufanya, mfumo wake unabaki kama ulivyo. Akanisikiliza huku anampimia mtu dawa ya kikohozi. Mteja alipotoka akafuta mikono.

"Hilo jipya, kweli ninaweza kuona dawa zinazokaribia kuisha muda nikiwa shambani?"

"Ndiyo mama, kwenye simu."

"Basi niwekee hilo. La kila mwezi."

Huyu ndiye wa kwanza kunipigia, ndiye aliyekataa kubonyeza.

"Mama Zuhura, una uhakika? Si lazima tena."

"Ndiyo maana nalitaka," akasema. "Sikukataa kulipa, mwanangu. Nilikataa kuamriwa kwenye duka langu. Haya, nionyeshe pa kubonyeza."

Nikamwonyesha. Akabonyeza mwenyewe.

Huo ndio mkasa wangu wakuu. Mama Brayani naye alihamia jipya, mwenye spea kabaki na la zamani na anajivunia. Uwakala sijauacha. Ila sasa kila ninapouza nasoma masharti ya leseni kwa sauti pamoja na mteja, mstari kwa mstari, hata akichoka. Na neno "maisha" nimewaambia kampuni wasiniwekee tena kwenye kipeperushi kama hawajajiandaa kuishi nalo.

Nilichojifunza: mteja anaweza kuvumilia bei kupanda, mradi umwambie mapema na umwachie mlango wa kuchagua. Na wewe mwenye duka, ukiona ujumbe mpya kwenye kioo, piga simu kwanza, chukua backup, ndiyo mengine yafuate. Na mawakala wenzangu, msijifungie na aibu isiyo yenu. Mimi kilichoniokoa ni kwenda kukaa kwenye mifuko ya saruji mbele ya watu wenye hasira.

Wenye maduka humu, mifumo yenu ikibadili masharti huwa mnafanyaje? Mnahama, mnalipa, au mmefunika kompyuta kanga kama Mzee Namkuva? Na watengenezaji wa programu, najua mpo na mnasoma kimya kimya, njooni mtupe upande wenu. Nipo hapa dukani, nasoma komenti kati ya photocopy moja na nyingine.